Tatu na Kitu

Ensio Kallunki alisema inaingia
kabla sijafunga hata mlango wa gari.
"Datsun ni Datsun," alisema, "kama viazi."
Mimi nawapikia viazi watoto mia mbili,
Jumatatu hadi Ijumaa, shuleni Haukipudas,
na nakuambia: viazi si viazi.

Langu ni la sabini na mbili, la viti viwili,
rangi ya chungwa lililosahauliwa dirishani,
boneti ndefu kama maneno ya baharia
aliyelileta kutoka Kalifonia akaniuzia.
Gia ya tatu inalia. Ya pili huingia ikipenda.
Oili niliyoimwaga Januari ilimetameta,
na ving'aavyo vyote si dhahabu:
ilikuwa shaba ya ringi zake, imesagika,
inaniaga kwa adabu ndani ya karai.

Turubai likafunuliwa, theluji ikaporomoka.
Giaboksi tatu, zimelala kifudifudi.
"Zote zinaingia," Ensio akarudia.
Kuingia si kukaa, Ensio.
Nimekuja na kadibodi ya boksi la samaki,
nimeitoboa mashimo kwa mfano wa injini yangu.
Nimekuja na sahani ya klachi ya zamani
ndani ya mfuko wa mkate, na futi ya kushonea.

Ya kwanza mkia wake ni mrefu, sentimita saba;
propela shafti yangu ingebidi ikatwe,
na mimi kukata nakata vitunguu tu.
Ya pili ilikataa sahani. Meno kwa meno,
yakatazamana kama wageni kwenye lifti.
Ya tatu ikapokea sahani, ikapokea kadibodi,
bolti kwa shimo, shimo kwa bolti,
Ensio akaanza kutafuta kitabu cha risiti.

Subiri.
Nikaitia gia ya kwanza, nikachora chaki
juu ya shafti ya mbele, chaki juu ya ya nyuma,
nikazungusha kwa mkono, vidole havina habari tena:
moja,
mbili,
tatu, na chaki ya nyuma imesharudi juu.
Tatu na chembe.
Mimi nataka tatu na theluthi.
Difu ya gari langu ni ya barabara ndefu za jangwani;
kwa tatu na chembe ningeichoma klachi
kwenye kila taa nyekundu mpaka Oulu.

"Unahesabu kama benki," akasema,
akaenda zake kuchemsha kahawa.

Nilikuwa nanawa mikono kwa theluji
nilipouona mlango wa banda la kuni.
Ulikuwa wazi, na upepo ule, haupigi hata.
Kitu kimeushikilia, kimevaa gome la magome,
utandu wa buibui, na kikombe kisichokuwa na mkono.
Cha mvunguni, wahenga walishasema. Nikainama.
Mkia mfupi. Mashimo yangu. Sahani ikateleza
kama kisu kwenye siagi ya asubuhi.
Nikatafuta chaki.
Moja. Mbili. Tatu,
na chaki bado iko njiani, bado,
nasukuma, theluthi ya mzunguko,
ndipo ikafika juu ikanitazama.

Hilkka, mke wake, alitoka na kahawa.
"Hiyo? Hiyo ni ya mlango," alisema.
"Miaka kumi na moja ni ya mlango."
Ensio alikaa kimya kwa aibu au kwa hesabu.
Euro arobaini, akasema mwishoni,
na kitu kingine chenye uzito uleule.

Basi Jumamosi nitamletea ile yangu inayolia.
Hapa hakuna gia ya kubadilisha,
ni kusimama tu, na hilo ataliweza.

Hii nimeifunga mkanda kiti cha abiria.
Kijigia cha spidomita sikukihesabu meno,
giza lilitukuta.
Huenda sindano itanidanganya kidogo.
Nimezoea. Nitakisia.